Kikulacho

Kilianza mgongoni, mahali mkono usipofika,
siku ya kumi na mbili ya vidonge.
Nikasingizia vitenge vipya vya mteja wa Kibosho,
ile nta yake, ule unga wa dukani.
Nikasingizia kunguni. Nikaanika godoro
mpaka wapangaji wenzangu pale Njoro wakaanza kuulizana.

Wahenga walisema ki nguoni mwako.
Mimi fundi wa nguo, miaka kumi na tisa barazani,
nikapekua kila pindo, kila mshono,
nikafumua hata gauni la kulalia.
Hakikuwamo.
Kilikuwa ndani ya kichupa, juu ya redio,
kidonge cha waridi, kidogo kuliko kifungo cha shati la mtoto.

Na kabla yako, kidonge, nilikuwaje?
Tusidanganyane.
Moyo ulikimbia kama cherehani isiyo na kitambaa,
sindano ikidunga hewa.
Uzi ulikataa tundu. Nikampa mtoto wa Anaeli anitungie,
nikasema ni macho, kumbe mikono.
Nilikula sahani mbili za machalari na bado sketi zikanidondoka,
nikazipunguza,
nikazipunguza tena.
Hakuna mteja aliyewahi kunirudia
kama nilivyojirudia mwenyewe.
Mwezi wa saba, baridi ya mlima imeshuka mpaka sokoni,
watu na masweta yao,
mimi natafuta dirisha la kufungua.

Ukaja. Ukatuliza mikono.
Nikatunga uzi, nikalia, mjinga mimi, kwa ajili ya uzi.
Halafu ukaniwasha.

Ndeshi wa duka la vifungo akasema, acha hiyo sumu.
Shemeji akaleta majani yaliyochemshwa kwenye chupa ya soda.
Mama mkwe akauliza, kwa upole kabisa,
nimemkosea nani.
Nikaacha. Sikumwambia daktari.
Wiki mbili ngozi ikalala kama shuka iliyopigwa pasi.
Wiki ya tatu, usiku, nikaisikia:
cherehani, kifuani, inashona gizani,
wala hakuna aliyeikanyaga.

Daktari Mmari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Alitazama mikwaruzo yangu kama mtu anayesoma barua.
"Tezi yako inafanya kazi ya watu watatu," akasema,
"na mwili umeikataa dawa kidogo, haujaikataa kabisa."
Akapunguza. Akaongeza kidonge cheupe cha kutuliza mwasho.
Akaandika tarehe ya kupima damu.
Kisha akaweka kalamu chini:
"Koo likiuma, homa ikija, usimeze kingine, usingoje kupambazuke.
Njoo saa hiyohiyo."
Akataka nirudie, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Koo. Homa. Njoo.
Nimeyaandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia.
Vitambaa vinayafuta.
Nayaandika tena.

Kahawa sasa ina ladha ya sarafu.
Mbege hata siisogelei.
Asubuhi vifundo vya vidole vinalalamika kabla yangu.
Mwasho haujaondoka, uko viwikoni,
kama mgeni aliyekwisha kuaga
akasimama mlangoni na kuanza hadithi nyingine.
Chini ya meza nina dumu la maji ya baridi
na kipande cha pamba kilichobaki kwenye shuka ya mtu.
Nakanda, nashona, nakanda.
Kucha nimezikata kwa mkasi wa kazi.

Leo alfajiri mlima ulitoka wote, mweupe,
dakika chache, wingu likaurudisha ndani.
Nimetunga uzi mwenyewe.
Mara ya kwanza ukapita pembeni. Ya pili pia.
Ya tatu sisemi, isije ikasikia.

Mteja wa Kibosho kapita kuulizia vitenge vyake.
Nimemwambia Alhamisi.
Moyoni, ambao leo unatembea tu,
nimesema Jumamosi.
Hilo si la dawa. Hilo ni la ufundi.